Kijiji Kitashirikishwa

Kibeta, Bukoba
9 Februari 2024

Waitu Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Klaudia wangu amepona ile homa na amerudi kazini. Kokuhirwa amepoteza jino la pili la mbele, sasa akisema "shikamoo" unahitaji kitambaa cha kujifutia. Anauliza kama ng'ombe wako amezaa. Mimi nauliza magoti yako yanaendeleaje.

Najua utacheka kuona mtu mwenye simu mbili anaandika barua. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba maneno ya simu hayana mwenyewe na ya karatasi yana sahihi. Basi nimetii, na bahasha hii nimempa kondakta wa Kosta ya asubuhi akuachie pale dukani.

Shangazi, kazi imeiva. Ule muhtasari wa mkutano wa kijiji cha Rwamabale, kurasa saba kwa mkono wako mwenyewe, niliusoma mbele ya kamati yetu ya sera. Mwenyekiti wetu wa mkoa, Mzee Kyaruzi, alisema hajawahi kuona kijiji kinachojua kinachotaka namna hiyo. Hoja yenu kubwa imeingia: sehemu ya ushuru wa kahawa ibaki kijijini, na mkutano mkuu wa kijiji ndio uamue itafanya nini. Chama cha Uwiano kitaibeba hoja hiyo kwa niaba ya mikoa yote iliyoachwa nyuma. Haiwezekani watu ambao kahawa yao ilisomesha watoto hadi ng'ambo leo watajwe mkiani mwa kila orodha, na daraja lao likichukuliwa na maji wasubiri mtu wa Dodoma ajifunze kwanza Rwamabale iko wapi. Nimechoka na jambo hilo, Shangazi. Ndiyo maana nimeacha benki nikaja kuwa katibu wa sera.

Nakutumia rasimu. Sehemu ya Kagera tumeipa jina la kwetu, lisilonuka ofisi: Mpango wa Nyarubanja Mpya. Najua utalipenda. Tafadhali wasomee wanakijiji, hasa upande wa jirani yako Mutembei, kwa kuwa wanakuamini wewe kuliko sisi.

Mwanao,
Damian Rutaihwa


Rwamabale, Muleba
18 Februari 2024

Damian mwanangu,

Marahaba. Ng'ombe amezaa dume, mwambie Kokuhirwa atafute jina. Magoti ni yale yale, yanajua mvua kabla ya redio. Evodia wa Mutembei aliugua ghafla Jumanne, wakambeba kwa engozi, ile machela yetu ya fito, wanaume wanne ndani ya maji hadi kifuani kwa sababu daraja letu sasa ni gogo moja la mkaratusi. Amelazwa, anaendelea vizuri. Mshukuru Mungu na mabega ya watu.

Habari njema zimeishia hapo. Ni nani aliyeandika jina lile?

Nilikosa mimi kwanza. Mwalimu wa miaka thelathini na moja, niliyewachapa watoto kwa kusoma kwa sauti kitu wasichokipitia, nikasimama mbele ya watu mia na ishirini na karatasi ambayo sikuipitia. Kwa kiburi tu, kwamba imeandikwa na mwanangu. Nikasoma jalada kwa sauti ya kanisani: Mpango wa Nyarubanja Mpya.

Damian, huko mjini mnadhani nyarubanja ni nini? Shamba kubwa? Nyarubanja ni hivi: mtu amezaliwa kwenye kibanja, baba yake na babu yake wamezikwa humo, migomba ameipanda yeye. Siku moja mkubwa anapewa eneo zima na mtawala kama zawadi, na mwenye jembe anaamka ni mpangaji juu ya makaburi ya kwao. Kuanzia siku hiyo kila mwaka atoe mkungu, kila mwaka kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na siku za kumlimia bwana. Akinung'unika, anafungasha. Sheria ya kuifuta ilikuja miaka ya sitini, nikiwa binti mdogo. Niliona watu wazima wakilia njiani. Na ninyi mnaiita Mpya!

Mutembei alisimama. Unamjua, haongei mikutanoni, tena mkewe yuko hospitali. Akasema taratibu, "Ma Gaudiosa, na safari hii mwenye nyarubanja ni nani?" Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kukaa nacho. Kisha wakaanza kuondoka, kwanza wazee, halafu wote.

Nilipita nyumba kwa nyumba kwa ajili yenu. Niliwaambia chama hiki si kama vile wanavyovijua, mwanangu yumo ndani, nami naweka neno langu. Neno langu ndiyo mali niliyobakiwa nayo hapa. Sasa wananisalimia kwa adabu mno.

Liondoeni jina hilo. Haraka.

Shangazi yako,
Gaudiosa


Kibeta, Bukoba
4 Machi 2024

Waitu Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa aibu uliyoipata. Klaudia amelia aliposoma barua yako. Mpe pole nyingi Evodia. Kokuhirwa anasema ndama aitwe Waziri, nami nimeshindwa kumpinga.

Jina limeondolewa. Ni mambo ya wataalamu, Shangazi, hawa wanaotoka mbali na kuokota maneno yetu bila kuuliza maana. Nilipoeleza, Mzee Kyaruzi alishika kichwa. Sasa ni Mpango wa Uwiano wa Kagera, kwisha habari. Kamati nzima inakuomba radhi.

Vitabu vya sera vimeshachapwa, vizuri sana, rangi mbili. Nakutumia kumi. Ukivigawa watu wataona kwamba walizungumza na wakasikilizwa, na ile habari ya jina itasahaulika. Picha iliyo ukurasa wa tatu ni ya gogo lenu.

Ningevileta mwenyewe lakini maandalizi ya mkutano mkuu wa mkoa yamenibana.

Mwanao,
Damian


Rwamabale, Muleba
2 Aprili 2024

Damian,

Pasaka imepita, tumefufuka tulio wazima. Evodia amerudi nyumbani, alivushwa kwa mabega yale yale. Waziri ananyonya na kupiga mateke, jina limemkaa. Mahindi yamechipua.

Vitabu nimevipata. Safari hii nilisoma kwanza, peke yangu, kalamu nyekundu mkononi. Fungua ukurasa wa kumi na nne. Halafu fungua muhtasari wangu, ukurasa wa tano, kama hamjaufungia maandazi. Sisi tuliandika: "Kuhusu matumizi ya ushuru huo, mkutano mkuu wa kijiji utaamua." Ninyi mmeandika: "Kuhusu matumizi ya ushuru huo, kijiji kitashirikishwa."

Kitashirikishwa!

Nimelijua neno hili tangu nilipokuwa kazini. Tulishirikishwa shule ilipohamishiwa upande wa pili wa kilima, tukakuta msingi umeshachimbwa. Tulishirikishwa kuhusu zahanati, tukasaini mahudhurio, tukapewa soda, tukaambiwa imekwenda kata nyingine. Anayeshirikishwa ni mtu aliyeitwa kuangalia wenzake wakila. Tena mpangaji wa nyarubanja naye alishirikishwa: bwana alimtumia mtu kumwambia kazi ni lini.

Mnapiga kelele kwamba Dar es Salaam inaifanya Bukoba kama mtoto wa kambo. Kweli kabisa, nami nilipiga makofi. Lakini Bukoba inaifanyaje Rwamabale? Mnataka wakubwa wa mbali waachie madaraka ili yaje yakae kwenye meza zenu za hapo karibu. Mmeliondoa jina, mkaiacha nyarubanja yenyewe, kwa rangi mbili.

Vitabu tisa viko chini ya kitanda changu na havitatoka. Cha kumi amekuja kukiomba Mutembei. Nilitaka kumnyima nikaona haya. Amekisoma akasimama kwenye neno lile lile, akanirudishia.

Nani alibadilisha? Usinitajie wataalamu.

Gaudiosa


Kibeta, Bukoba
16 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Hilo la ukurasa wa kumi na nne ni kosa la uchapaji. Mambo hayo hutokea katika haraka. Toleo lijalo litaangaliwa.

Lakini nami niseme, maana umenisema vya kutosha. Siasa si daftari la darasa la nne. Chama kinataka kushika nchi, na ili kishike nchi lazima kiwatulize watu wa wilaya, wa mkoa, wa taifa, ambao wote wanaishi kwa ushuru huo huo. Neno moja likilegezwa, mambo tisa yanapita. Ninyi mnalia na neno, sisi tunahangaika na daraja.

Na kuna jambo nataka kukuuliza. Baada ya barua yako ya Februari nilimwuliza mzee mmoja wa Kitendaguro, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, nyarubanja ya Rwamabale ilikuwa ya nani. Alinitazama, akacheka hadi akakohoa. Akaniambia nikaulize nyumbani.

Kwa hiyo nauliza nyumbani. Kila Noeli, tangu nikiwa mtoto, Mutembei hukuletea mkungu mkubwa na kibuyu cha rubisi, na baba yake aliwaletea babu na bibi kabla yake. Nasi hatujawahi kumpelekea hata ndizi moja. Ule mkungu ni wa nini, Shangazi?

Damian


Kibeta, Bukoba
3 Juni 2024

Waitu Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya saba sasa. Kondakta anasema bahasha aliiacha dukani na uliichukua mwenyewe. Nimepiga simu, haipokelewi. Klaudia anasema nikodi gari nije leo leo, ni saa mbili tu. Nimevaa viatu mara mbili nikavua. Sijui ningekuambia nini.

Basi naandika. Wataalamu hawakuwapo. Jina nilitoa mimi. Bibi alipokuwa akimenya ndizi alipenda kusema "enzi za nyarubanja yetu", akitabasamu, nami mtoto nikadhani ni kibanja kikubwa tulichokuwa nacho wote, kijiji kizima, zama za neema. Nimelibeba neno hilo miaka thelathini kama kitu kizuri. Nililitoa kamatini kwa fahari. Hakuna hata mmoja aliyenikosoa. Wale vijana hawalijui, na Mzee Kyaruzi, anayelijua, alitabasamu kama bibi.

Na haikuwa kosa la uchapaji. Kyaruzi aliniita ofisini akaniambia, "Kijiji kikiamua, sisi tutafanya kazi gani?" Nikarudi mezani. Nikafuta "utaamua", nikaandika lile jingine. Kwa vidole vyangu, Shangazi, na muhtasari wako ukiwa wazi pembeni. Nilijiambia ni neno tu.

Swali langu la mkungu nililiuliza kwa hasira ili nawe uumie kama mimi. Nisamehe. Usilijibu.

Damian


Rwamabale, Muleba
30 Juni 2024

Damian mwanangu,

Marahaba, na samahani kwa ukimya. Kahawa imeiva na watu wako mashambani. Waziri ameanza kula migomba ya watu, anafanana na jina lake. Mwambie Klaudia barua zake nimezipata zote mbili, yeye ana akili kuliko sisi.

Uliposema nisijibu ulikuwa umechelewa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta jibu, ndiyo maana nilinyamaza.

Unajua nilivyokasirika na barua ile ya Aprili? Niliichana. Kisha nikaokota vipande. Nilimsema Kyaruzi, nikakusema wewe, nikaisema Bukoba na Dodoma, na kumbe mkungu umekaa jikoni kwangu kila Desemba. Nilikuandikia nyarubanja ni nini, mstari kwa mstari, mkungu na kibuyu na kazi. Sikuandika ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya babu yako, Damian. Baba yangu. Wale watu wazima niliowaona wakilia njiani, wa kina Mutembei walilia kwa furaha. Wa kwetu walilia kwa uchungu, na mmoja wao alikuwa mama yangu.

Nilikwenda kwa Mutembei mwezi Mei. Kwanza niliangalia jambo ambalo sijaliangalia maisha yangu yote. Akija kwangu anakaa karibu na mlango. Nikimpa kahawa ya kutafuna anapokea kwa mikono miwili na kubaki pale pale. Siku zote nilidhani anapenda hewa.

Nikamwuliza, "Mutembei, mkungu wa Noeli unanileteaga kwa nini?"

Akashangaa. "Baba aliniachia maneno mawili," akasema. "Nisiuze kibanja, na nisiache mkungu. Sheria ilituachia kibanja cha juu. Kile kipande cha chini, cha mtoni, babako alikataa, akasema tulime kwa ruhusa. Mkungu ni wa kipande kile. Nilidhani unajua."

"Mimi nilidhani unanipenda," nikamwambia.

Akacheka, meno yote nje. "Nakupenda pia, Ma. Lakini mkungu ni mkungu."

Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda, kila ilipogeuka ilinikuta mimi. Halafu nikaamka nikafanya hivi. Nilimwita mtendaji wa kijiji na majirani, nikaandika karatasi ya kuachia kipande kile, tukasaini. Nikachimbua miche ya mlamula, ule wa kupanda mpakani, nikampa Mutembei mkononi. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Mpaka uamue wewe."

Kichwani mwangu mpaka ulikuwa kwenye mparachichi, ule nilioupanda mwaka niliostaafu. Niliona ni haki, tena ni ukarimu. Mutembei akaufikia mparachichi. Akasimama kando yake. Kisha akaupita. Akahesabu hatua kumi na moja ndani ya kahawa yangu, akapiga jembe, akapanda.

Damian, nilifungua mdomo. Nilikuwa na sababu nzuri sana, za ramani na za umri na za mti wangu. Mtendaji alikuwa ananiangalia. Evodia alikuwa ananiangalia. Nikaufunga.

Inauma. Sikujua kama inauma kiasi hicho kumwacha mwenzako aamue, na aamue vile ambavyo wewe usingeamua. Sasa namwelewa Kyaruzi wako vizuri, na kwa kumwelewa ndiyo nimemkasirikia zaidi, kwa sababu mimi ni bibi mwenye magoti mabovu na nimeweza.

Jioni Mutembei alikuja. Alikaa kwenye kiti cha ndani kabisa, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akaomba kahawa.

Nimemaliza la kwangu. Lako liko ukurasa wa kumi na nne.

Shangazi yako,
Gaudiosa


Kibeta, Bukoba
21 Julai 2024

Waitu Shangazi,

Shikamoo. Klaudia anakusalimu na Kokuhirwa ameota meno. Mimi niko nyumbani siku zote sasa, napika ndizi za ebitoke zinaungua.

Mkutano mkuu wa mkoa ulikuwa Jumapili iliyopita. Kilipofika kipengele cha sera nilisimama. Nilisoma muhtasari wako ukurasa wa tano, kisha kitabu chetu ukurasa wa kumi na nne, kisha nikasema aliyebadilisha ni mimi, na naomba mkutano upige kura neno la kijiji lirudi. Nyuma kabisa, kwenye wajumbe wa kata, watu walianza kupiga makofi. Mzee Kyaruzi akagonga meza. Akasema, "Tunamshukuru sana katibu wa sera. Maoni yake yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Twende kipengele kinachofuata." Kura haikupigwa.

Jumatatu nilikuta mtu mwingine kwenye meza yangu. Sijafukuzwa, la hasha. Barua inasema nimepangiwa majukumu mengine, yatakayotajwa baadaye, na kwamba katika uamuzi huo "mhusika ameshirikishwa".

Nilisoma neno hilo nimesimama mlangoni, Shangazi. Niliujua mwandiko wake, ni lile lile nililoliandika mimi. Nilikasirika, na katikati ya hasira nikawaza watu mia na ishirini wakiinuka mmoja mmoja na kwenda zao, na wewe umebaki mbele na karatasi yangu.

Wajumbe watatu wa kata wamenipigia. Wanataka kuitisha mkutano mwingine kwa saini zao. Huenda wakaweza, huenda wasiweze. Daraja bado ni gogo.

Nataka kuja Rwamabale. Sina kitabu wala ahadi. Nataka nisimame pale pale uliposimama na niseme mbele ya kijiji kwamba jina lile niliandika mimi, na neno lile nilibadili mimi, na kwamba wewe uliweka neno lako kwa mtu aliyelivunja. Jumamosi ijayo nina nafasi. Lakini sitapanda gari mpaka nipate jibu, na jibu lenyewe silitaki kwako.

Mwulize Mutembei kama nije. Akisema nisije, sitakuja. Usimshauri.

Damian